Manjano: mabichi, ya unga au ya kidonge? Yote nimeyaweka mezani

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo meza imekuwa njano tupu. Huku kushoto nina manjano mabichi kutoka Muheza, udongo bado umeshika kwenye vifundo. Yanafuata makavu ya vipande. Hapa katikati kuna unga wa kupimiwa sokoni, ule wa kufungiwa kwenye kijaruba cha nailoni, na paketi ya dukani. Mwisho kabisa, kopo la vidonge lililoagizwa mtandaoni, limechorwa goti linalotoa mwanga. Majina ya kampuni nimeyabandika karatasi, kwa hiyo msinisumbue kwenye maoni. Ninachopima leo ni aina ya bidhaa, si kampuni ya mtu. Na mnaosema binzari, ni hii hii, msiichanganye na ile nyembamba ya pilau.

Swali lenu kubwa ni moja: yanatibu au hayatibu? Maana mtaani yanatibu kila kitu. Kisukari, presha, tumbo, kansa, nguvu za kiume, na mwaka 2020 wakati wa korona mnakumbuka wenyewe, tangawizi na limau havikushikika, na manjano nayo yakaingia kwenye kila sufuria la nyungu. Nitawajibu, lakini kwanza tuyaone.

Sogeza kamera hapa. Nakata kifundo kimoja. Umeona hiyo rangi? Ndani ni kama karoti iliyoiva sana, na kisu tayari kimeshapata doa. Harufu yake ina utangawizi kidogo, na si ajabu, tangawizi, iliki na manjano ni ukoo mmoja. Ukitafuna kipande kibichi unakuta uchungu kwa mbali, na ulimi unabaki njano mpaka jioni. Mabichi yanavunwa majani yakishaanza kukauka, miezi saba mpaka kumi tangu kupandwa. Yale makavu yamepita njia ndefu zaidi: yanachemshwa kwanza, yanaanikwa juani wiki mbili hivi, yanasuguliwa ngozi itoke, ndipo yanasagwa.

Sasa hiyo rangi ndiyo mzozo wenyewe. Ndani yake kuna kemikali inaitwa kurkumini, na karibu kila tangazo la manjano unaloliona linazungumzia hiyo, si manjano kama manjano. Kwenye unga wa kawaida kurkumini ni kama asilimia 3 tu. Tupige hesabu ya jikoni: kijiko kimoja cha chai cha unga ni gramu 3 hivi. Kwa hiyo kijiko kizima kinakupa miligramu 90 za kurkumini. Kumbukeni hiyo 90, nitaihitaji.

Mwaka 2014 madaktari wa Thailand walitoa matokeo ya wagonjwa 367 wenye magoti yaliyochakaa. Kundi moja lilipewa ibuprofeni, dawa ya kawaida ya maumivu, jingine kapsuli za manjano yaliyokamuliwa, miligramu 1,500 kwa siku, kwa wiki nne. Maumivu yalipungua karibu sawasawa, na wa manjano walilalamika tumbo kidogo kuliko wenzao. Ni habari nzuri na mimi siibezi. Lakini angalia dozi. Zile kapsuli robo tatu yake au zaidi ilikuwa kurkumini yenyewe. Ukitaka kuifikia kwa unga wako wa mchuzi, unahitaji zaidi ya vijiko 12 kila siku. Nani atakula huo ubwabwa? Pia hakukuwa na kundi lililopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, kwa hiyo hatujui ni maumivu kiasi gani yangepungua yenyewe kwa mgonjwa kuamini tu kwamba ametibiwa.

Huko huko Thailand mwaka 2023 wakatoa nyingine, watu zaidi ya 200 wenye tumbo linalowaka na kujaa bila kuwa na kidonda. Kurkumini ikaenda sambamba na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Sikilizeni hapo kwenye "bila kuwa na kidonda," kwa sababu naona watu wanasambaza utafiti huu kwa kichwa cha habari "manjano yaponya vidonda vya tumbo". Hapana. Vidonda vya tumbo mara nyingi vina bakteria wake, na bakteria hao wana dawa zao.

Kwa hiyo magoti, ndiyo, kuna kitu. Tumbo linalosumbua, kuna kitu. Kansa? Hapa ndipo ninapokasirika. Kwenye vyombo vya maabara kurkumini inaua seli za kila namna, na kopo hili limenukuu hayo kwa herufi kubwa. Ila mwaka 2017 wanakemia walichapisha uchambuzi mrefu Marekani wakasema wazi: kurkumini haitulii, inavunjika haraka, na tabia yake ya kugusana na kila kitu inadanganya vipimo vya maabara vionekane vimefaulu. Kuua seli kwenye kijisahani hata sabuni inaua. Mgonjwa wako yupo kwenye foleni ya hospitali ya kansa ya Ocean Road, usimtoe kwenye foleni umpe manjano.

Kuna jambo lingine, na hili wapishi wa Pwani wanalifanya miaka yote bila kuambiwa na mtu. Kurkumini ukiimeza na maji matupu, mwili hauichukui. Inapita, inatoka. Haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Na pilipili manga ina kitu kinaitwa piperini ambacho kinalizuia ini lisiifukuze haraka. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 tu za piperini, na kiasi kilichofika kwenye damu kikapanda kwa asilimia 2,000. Sasa fikiria mchuzi wa samaki wa nazi: kitunguu kwenye mafuta, manjano yanakaangwa kidogo mpaka harufu mbichi iishe, pilipili manga, halafu tui. Urojo wa Forodhani nao rangi yake imetoka hapo hapo. Lakini wewe unakoroga kijiko cha manjano kwenye maji ya moto asubuhi, unaziba pua, unakunywa, unajiita mtu wa afya! Weka angalau maziwa yenye mafuta yake na punje mbili tatu za pilipili manga zilizopondwa, kama wanavyofanya Wahindi na maziwa yao ya manjano.

Haya, tuje kwenye unga, na hapa naomba msiruke mbele.

Kwenye unga unachotakiwa kuogopa ni risasi. Nasema madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Bangladesh, watafiti walikuwa wanashangaa kwa nini wanawake wajawazito wa vijijini wana risasi nyingi kwenye damu wakati hawaishi karibu na kiwanda chochote. Wakafuatilia, wakafuatilia, wakaikuta kwenye manjano. Wasuguaji walikuwa wanapaka vipande rangi ya njano ya viwandani, kromati ya risasi, ili yang'ae. Na mchezo wenyewe ulitajwa kuanza miaka ya 1980 baada ya mafuriko, manjano yalipolowa yakafifia rangi na wafanyabiashara hawakutaka kupata hasara. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na ikishaharibu hairudishiki. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019 serikali yao iliamka: wakafanya misako, wakatoza faini, wakabandika matangazo sokoni. Mwaka 2019 sampuli 47 kati ya kila 100 zilikuwa na risasi, na kufikia 2021 hazikupatikana kabisa. Wakishika kazi, inawezekana.

Kwa nini nawaambia ya Bangladesh? Kwa sababu watafiti walipopima baadaye masoko ya India na Pakistani, kuna miji waliyoikuta nayo, na hii paketi ya dukani nikiigeuza hivi nyuma, imeandikwa imetoka India. Sisemi ina risasi. Nasema kwa macho huwezi kujua.

Sasa vipimo vya nyumbani. Nimechukua glasi mbili za maji, kila moja nimetia nusu kijiko cha unga, sikukoroga, nimeziacha kwenye kaunta. Hii ya kupimiwa sokoni, ona, unga umezama chini na maji ya juu yana unjano hafifu. Hii ya paketi vivyo hivyo. Unga wenye rangi ya kuongeza mara nyingi unatoa maji ya njano kali mpaka juu, basi hapo zote mbili zimeponea. Kipimo cha pili, nachovya kidole kwenye unga halafu nagusa povu la sabuni ya mche. Tazama, kimekuwa chekundu! Mliofua kitambaa cha jikoni chenye manjano mnaijua hiyo. Hiyo inathibitisha kwamba manjano yamo. Haithibitishi kwamba hakuna kitu kingine. Risasi inaonekana maabara tu, kwa hiyo mtu asikwambie kuna ujanja wa limau au kiberiti.

Na msidhani vipande vikavu ndiyo salama moja kwa moja, maana Bangladesh rangi ilipakwa kwenye vipande hivyo hivyo wakati wa kusugua. Kipande kinachong'aa njano nje bila hata chembe ya ngozi, mimi nakiacha. Nachukua hiki kilichopauka, chenye mikunjo na kahawia kahawia. Ukikivunja ndani ndipo unakuta rangi. Kusaga kwake ni kazi, nakubali. Ukikitupa kizima kwenye blenda utavunja kisu, kiponde kwanza kwenye kinu vipatikane vipande vidogo, kisha saga, chekecha, rudia makapi. Unga wake una harufu ambayo hii paketi haina kabisa. Naunusa huu, naunusa na huu... paketi inanuka karatasi.

Mabichi ndiyo yangu. Unaosha, unakwaruza, unatia kwenye mchuzi, yanayobaki unagandisha kwenye friji. Unajua unakula nini.

Tumalizie kopo. Lebo inasema ndani kuna kurkumini iliyokolezwa na piperini, vidonge viwili kwa siku, na imeandikwa "asili, haina madhara". Kwanza, kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, iliyoipima kurkumini kama rangi ya chakula iliweka kikomo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 180, yaani vijiko viwili vya unga. Kopo hili linakupa mara tano ya hapo na zaidi, halafu limeongeza piperini ili iingie yote. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa 10 walioumia ini na uchunguzi ukaelekea kwenye manjano ya namna hii. Watano walilazwa, mmoja akafariki. Saba kati ya hao 10 walikuwa na alama fulani ya kurithi kwenye kinga ya mwili, ambayo wewe na mimi hatujui kama tunayo. Ni wachache ukilinganisha na wanaomeza, sawa, lakini mimi sijasikia aliyeletwa wodini kwa sababu ya mchuzi wa samaki.

Maksi zangu: mabichi tisa kwa kumi. Makavu ya kusaga mwenyewe, nane. Unga wa kupimiwa, tano, na hizo tano nampa muuzaji anayeusaga mbele yako. Paketi, tano. Kopo nalipa mbili, na hizo ni za wenye magoti waliokwishazungumza na daktari.

Ambao kopo hilo msiliguse bila daktari ni hawa: mnaotumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, wenye mawe kwenye nyongo, wajawazito, mnaosubiri upasuaji, na wenye upungufu wa damu, kwa sababu manjano kwa wingi yanazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mchuzi kuleni tu. Na kama tayari unameza vidonge hivi na umeanza kuchoka bila sababu, mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, macho yanageuka njano, usiseme ni manjano yanafanya kazi. Acha kidonge leo hii, nenda hospitali, na kopo lenyewe ulibebe daktari alione.