Kioo cha dirisha kimevunjika: kipi ununue Mombasa, kuanzia kilicho bora

Kabla hujampigia simu fundi wa vioo, sogea dirishani utazame ufa umeanzia wapi. Ukiwa umeanzia katikati, mahali pamoja palipobonyea na mistari ikatawanyika kila upande, hilo ni jiwe au mpira wa watoto. Badilisha kioo, mambo yameisha. Lakini ukiwa umeanzia pembeni, karibu na fremu, ukapanda mshazari hadi upande wa pili bila mtu kugusa kitu, basi huenda kioo hakina kosa. Mara nyingi tatizo liko kwenye chuma cha fremu.

Nyumba nyingi za zamani kidogo hapa Mombasa, iwe Majengo, Tudor, Kizingo au Changamwe, zina madirisha ya chuma ambayo kioo chake kimeshikwa na puti, ule udongo laini wa kuzibia vioo unaoganda. Hewa ya bahari ina chumvi, na rangi ikishachubuka tu, kutu inaingia. Chuma kinapogeuka kutu huvimba, kikachukua nafasi mara kadhaa ya ile kilichokuwa nayo mwanzo. Uvimbe huo hauna pa kwenda ila kusukuma ukingo wa kioo, kidogo kidogo, mpaka siku kinalia. Mtu ananunua kioo kipya, fundi anakitia juu ya kutu ile ile, na misimu michache baadaye kinapasuka kutoka pembe ile ile. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye fremu: brashi ya waya, msasa, na rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Fremu iliyolika hadi ikatoboka ipeleke kwa fundi wa kuchomelea kwanza. Hapo ndipo tuongee habari ya vioo.

Mpangilio ufuatao ni kwa nyumba ya kawaida ya kuishi hapa pwani, penye chumvi, jua kali na upepo wa kusi, na wenyewe wanataka hewa ipite.

1. Kioo cheupe cha milimita 4

Kwa dirisha la kawaida la chuma au la mbao, hiki ndicho cha kununua. Maduka ya vioo huwa nacho, fundi anakikata papo hapo kwa kalamu yake, na kinakaa kwenye mfereji wa fremu bila kubanwa, nafasi ya puti ikabaki. Uzito wake ni kilo 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hivyo bawaba za zamani hazitaabiki. Hesabu ya uzito ni nyepesi: kila milimita moja ya unene ni kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba. Ishike hesabu hiyo, maana utaihitaji ukishawishiwa kupanda hadi kioo kinene zaidi.

Na mara nyingine kupanda ni lazima. Kipande kikikaribia mita moja kila upande, au dirisha likiwa ghorofa ya juu linatazama bahari, kama vile Nyali, Bamburi na Shanzu, chukua cha milimita 5 au 6. Kusi inapovuma kwa nguvu, ukiweka kiganja kwenye kioo chembamba kilicho kipana utahisi kinatetemeka. Ila tahadhari moja kwa wenye madirisha ya alumini ya kusukuma: mpira unaoshika kioo umetengenezwa kwa unene maalumu, na vigurudumu vya chini vina uzito vinaoubeba. Ukibadilisha unene, badilisha na mpira, na umwulize fundi kuhusu vigurudumu kabla hajakata.

2. Kioo cha lamineti

Hivi ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, katikati pana utando wa plastiki. Kioo cha mbele cha gari hutengenezwa hivyo hivyo. Kinachopatikana sana kwa nyumba ni cha milimita 6.38, yaani milimita 3, utando wa 0.38, kisha milimita 3 nyingine. Kikigongwa kinapasuka, lakini vipande havianguki. Vinabaki vimeshikamana na utando. Kama una watoto wadogo na dirisha liko chini usawa wa magoti, au mlango wako una kioo, hiki ndicho kinachopaswa kuwa cha kwanza kwako, bei yake iwe iwavyo. Kioo cha kawaida kikivunjika huacha mapanga marefu yananing'inia kwenye fremu, na mtoto hukimbilia pale pale kutazama kimetokea nini.

Kina faida nyingine mbili ambazo wauzaji hawazitaji sana. Kinapunguza kelele za barabarani, na utando wake huzuia karibu mionzi yote ya jua isiyoonekana (UV), ambayo huchangia kufifisha rangi za mapazia na makochi.

Udhaifu wake uko kwenye kingo. Unyevunyevu ukiingia pembeni, utando huanza kuachana na kioo na ukingo unageuka mweupe wa ukungu. Kwa hewa yetu hilo si la kupuuza. Mwambie fundi asikizibe kwa silikoni yenye harufu ya siki, maana asidi yake hudhuru utando, na chuma nacho huzidi kupata kutu. Ipo silikoni isiyo na asidi. Inunue hiyo mwenyewe, usimwachie achague ile ya bei ya chini. Na kwa kuwa kioo ni kinene, pima kina cha mfereji wa fremu yako kabla ya kulipa. Fremu nyingi za chuma za zamani zina mfereji mfupi, puti ikakosa pa kukaa.

3. Kioo kilichotiwa moto

Hiki hupashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Nguvu yake hufika mara nne au tano ya kioo cha kawaida cha unene ule ule, na kikivunjika humwagika punje ndogo kama za mahindi badala ya mapanga. Kwa mlango wa kioo, kwa bafu, kwa dirisha kubwa la barazani, ni chaguo zuri.

Sababu ya kukiweka nafasi ya tatu ni kwamba hakikatwi tena kikishatiwa moto. Hata kukitoboa tundu huwezi. Kinaagizwa kwa vipimo kamili, unakisubiri, na ukikosea nusu sentimita umenunua meza. Pia kuna watu wanaokinunua wakidhani kitazuia mwizi. Hakizuii. Ncha ya chuma ikigonga ukingoni, kioo chote kinamwagika na dirisha linabaki wazi kabisa. Kazi ya mwizi ni ya grili. Ukikinunua, tafuta mhuri mdogo uliochapwa pembeni mwa kioo. Usipouona, uliza unajuaje kuwa umeuziwa ulichokilipia.

4. Luva

Luva, vile vipande vya kioo vilivyopangwa kwa safu vinavyofunguka pamoja, zimeachwa na wengi wanaojenga sasa, nami nasikitika kwa hilo. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, maana upande mmoja unajificha nyuma ya mwingine. Luva zikifunguliwa, karibu nafasi yote ya dirisha inapitisha hewa, na katika jiko la Mombasa mwezi wa Februari, hiyo ni tofauti ya kupika kwa raha na kupika huku unachuruzika jasho. Kikivunjika kipande kimoja, unanunua kimoja.

Basi mbona nafasi ya nne? Mvua ya upepo hupenya katikati ya vipande, vumbi vilevile, na mwizi anaweza kuvichomoa kimoja kimoja kimyakimya kama hakuna grili. Vishikio vya alumini navyo hulegea au kuvunjika mdomo, kioo kikadondoka chenyewe. Ukienda dukani, beba kipande kilichovunjika au kizima cha jirani yake: upana, urefu na unene lazima vyote vilingane, na kingo ziwe zimesuguliwa zisikate mkono. Kwa choo, bafu na jiko, mimi ningeziacha luva zikae.

5. Kioo cha rangi na kile cha kuakisi

Watu hukinunua kukimbia joto. Kioo cha rangi hupunguza mwanga, ni kweli, lakini kazi yake ni kunyonya joto la jua, na sehemu ya joto hilo hurudi ndani chumbani. Kioo chenyewe hupata moto katikati huku kingo zilizofichwa na fremu zikibaki na ubaridi, na tofauti hiyo yaweza kukipasua bila kuguswa, hasa kama kingo zilikatwa vibaya au kuna pazia zito lililokigandamia kwa ndani. Kama jua la alasiri ndilo linalokusumbua, kivuli cha nje, iwe ni paa dogo juu ya dirisha au chiki (pazia la vijiti), hufanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa jua halifiki kwenye kioo.

Kuhusu kile cha kuakisi, kinachoonyesha nje kisionyeshe ndani: mchana kinatimiza ahadi. Usiku mambo hugeuka. Taa ikiwaka ndani na nje kuna giza, mpita njia anakuona vizuri wewe usimwone. Familia inayokinunua kwa ajili ya stara isitupe mapazia. Kwa bafu nunua kile chenye michoro kisichoonyesha, ambacho mchana na usiku hufanya kazi moja.

6. Plastiki angavu

Polikaboneti ni ngumu ajabu kuvunja, na uzito wake ni kama nusu ya kioo. Dirisha linalopakana na uwanja wa mpira wa mtaani, ambalo limeshavunjwa tena na tena, linastahili hii. Kwingine sioni haja. Inakwaruzika kwa kitambaa chenye vumbi, na ile isiyo na kinga ya jua hugeuka njano. Yenye kinga huwa nayo upande mmoja mara nyingi, kwa hiyo upande huo lazima utazame nje. Inatanuka kwa joto karibu mara saba ya kioo, hivyo iachiwe nafasi pembeni, na puti haiifai.

7. Kioo cha milimita 3

Kwa vidirisha vidogo juu ya mlango, sawa. Kwa dirisha la kulala au la sebuleni, hapana, hata muuzaji akisema ndicho kilichokuwapo. Huenda ndicho kilichokuwapo, na ndicho kilichovunjika.

Kupima na kulipa

Pima ndani ya mfereji wa fremu, baada ya kutoa puti yote ya zamani. Pima upana mahali patatu, juu, kati na chini, uchukue kilicho kidogo kabisa. Fanya vivyo kwa urefu. Kisha toa milimita 3 kila kipimo, ili kioo kiwe na nafasi ya kupumua. Pima na mshazari zote mbili. Zikitofautiana, fremu imepinda, na njia ya uhakika ni kukata boksi la karatasi ngumu likae sawasawa mle ndani, kisha upeleke boksi lenyewe dukani.

Vioo huuzwa kwa futi ya mraba. Zidisha inchi kwa inchi, ugawe kwa 144. Kipande cha inchi 18 kwa 24 ni 432, ukigawa unapata futi 3. Fika dukani na hesabu yako tayari, na uulize kama vipimo vinapandishwa hadi futi kamili, kama kukata kumo ndani ya bei, na kama puti, usafiri na kazi ya fundi ni vya kando. Tazama ukingo wa kioo kwa rula uone unene kwa macho yako. Kingo zilizomeguka zikatae hapo hapo dukani, kwa sababu ufa huanzia kwenye meno hayo.

Kama umepanga, mwonyeshe mwenye nyumba ufa na kutu kabla ya kununua chochote, na mkubaliane nani analipia fremu. Kwa walio Mji wa Kale, kurudisha kioo kama kilichokuwapo ni kazi ndogo, lakini kung'oa dirisha la mbao utie la alumini ni habari nyingine kwenye eneo lililohifadhiwa. Ulizia kwanza ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Siku ya kutia

Chagua siku kavu. Puti haishiki kwenye fremu yenye maji, na wakati wa masika mwezi wa Mei utasubiri sana. Fundi aweke kwanza puti nyembamba mferejini, kioo kikae juu yake, akisukume kwa kingo na siyo kwa katikati, halafu klipu, halafu puti ya mbele yenye mteremko wa kumwaga maji. Kwa dirisha la chuma nunua puti iliyotengenezwa kwa chuma, maana ile ya mbao hutegemea mbao zinyonye mafuta yake ili ikauke. Puti ikishaganda juu, ipakwe rangi, na rangi ivuke kidogo ipande kwenye kioo chenyewe, milimita 2 hivi. Mstari huo mwembamba ndio unaozuia maji ya chumvi yasishuke nyuma ya puti.

Kioo kisafirishwe kikiwa kimesimama, kamwe kisilazwe, iwe ni kwenye mkokoteni, tuktuk au kivuko cha Likoni. Kile kilichovunjika kibandikwe tepu kabla ya kukitoa, ukivaa viatu na glavu nene. Vipande vifungwe ndani ya boksi na uandike juu yake neno VIOO kwa herufi kubwa, kwa sababu kuna vijana wanaochambua taka kwa mikono mitupu.