Fukwe za Malindi kwa mwenye mbwa: Mambrui yaongoza, Mayungu kwa tahadhari

Anayetaka kumtembeza mbwa ufukweni Malindi huuliza kwanza pwani ipi ni nzuri. Heri aanze kuuliza maji yako wapi. Pwani iliyo pana na tupu maji yakikupwa hugeuka kichochoro maji yakijaa, ukuta wa hoteli huku, mawimbi huko, na mbwa hana pa kumpishia mtu. Ndiyo maana kila ufuo hapa tumeupima mara mbili, maji yakiwa yametoka na yakiwa yamejaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa mno mnamo saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na alasiri, kisha hukupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa huweza kuwa na zaidi ya mita 3. Siku hizo anza saa moja asubuhi maji yanapotoka, na uwe umeondoka saa tatu, kwa sababu kupwa kabisa kwa saa nne huja pamoja na mchanga wa moto. Jioni ya bamvua iache, jua huzama maji yakiwa bado juu. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji hukupwa mnamo saa kumi hadi kumi na moja za alasiri, na ingawa hayaendi mbali, kuanzia hapo hadi magharibi pana nafasi ya kutosha. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, na jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, linatosha kukuongoza Malindi.

Mchanga upime kwa mkono. Weka mgongo wa kiganja juu yake kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo zitaungua, hata kama anakimbia kwa furaha. Mbwa huonyesha maumivu baadaye, akiwa nyumbani analamba miguu.

Mambrui tunaipa nafasi ya kwanza, na hatusiti. Iko kaskazini mwa Mto Sabaki, ng'ambo ya daraja, mwendo mfupi wa gari kutoka Malindi. Sehemu kubwa ni mchanga mtupu unaometa juani, mpana hata maji yakiwa juu kiasi, na asubuhi ya siku ya kazi unaweza kwenda muda mrefu usikutane na watu ila wavuvi wawili watatu. Kasoro ni tatu. Hakuna kivuli, wala maji baridi ya kunywa. Upepo ni mkali, na miezi ya upepo huvuta wachezaji wa tiara wanaoteleza juu ya maji. Nyuzi zao hukaza kama waya na mbwa anayekimbia hazioni, kwa hiyo ukiona tiara angani, mfunge. Ya tatu si kasoro ya pwani bali ni wajibu wa mgeni: Mambrui ni mji wa kale wa Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi pwani, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Usimpitishe mbwa vichochoroni karibu na misikiti. Tafuta njia ya kuingilia nje ya mji, na Ijumaa adhuhuri usiende kabisa.

Adabu hiyo ni ya pwani nzima, hasa penye nyavu. Mbwa akikojolea wavu au ubavu wa ngalawa, umemwongezea mvuvi kazi ya kuosha chombo kizima kabla hajaswali. Funga kamba mapema, simama mbali, salimia: "Shikamoo mzee, mbwa nimemfunga, nipite wapi?" Mara nyingi utaonyeshwa njia nyuma ya mashua, na wengine watakuambia hata mahali penye miiba.

Ghuba ya mji, kuanzia gatini kwenda kaskazini, ndiyo rahisi kufika na ndiyo tambarare kuliko zote. Mbwa mzee au mwenye maumivu ya nyonga atapenda mchanga wake mgumu. Lakini masika yakishanyesha, Sabaki humwaga tope hapa. Bahari huwa nyekundu kama chai ya maziwa, na magogo, vijiti na takataka hutapakaa ufukweni. Miezi hiyo tembea tu, usimwogeshe. Alfajiri hupita makundi ya mbwa koko. Usimbebe mbwa wako juu kwa mikono, kwani hao watakurukia wewe. Simama, mweke nyuma ya miguu yako, ondoka polepole. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwaka huu, na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Usiendelee na ghuba hiyo mpaka mlangoni mwa Sabaki. Kuna viboko na mamba, tope linalozamisha miguu, na ndege wa pwani kwa maelfu wanaopumzika baada ya safari ndefu. Mbwa mmoja aliyefunguliwa huwarusha wote. Mahali hapa ni pa darubini, si pa mbwa.

Silversands, kusini mwa nguzo ya Vasco da Gama, ni pazuri kwa macho na pagumu kwa mwenye mbwa. Mchanga ni mweupe na miti ya mivinje hutupa kivuli, ila mwishoni mwa wiki watu hujaa, na ukizidi kwenda kusini unafika hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968. Shirika la Wanyamapori, KWS, haliruhusu wanyama wa kufugwa ndani ya hifadhi za taifa. Geuka kabla ya geti la Casuarina. Usibishane na askari wa zamu.

Mayungu, kusini zaidi, ina utulivu ambao wengi wanautafuta, nasi tunaipendekeza kwa masharti. Maji yakikupwa huacha vidimbwi vya maji mafupi ambamo mbwa mwoga wa mawimbi hujifunza kuogelea vizuri. Shida ni mwamba. Matumbawe yaliyokufa hukata nyayo kama wembe, na mashimoni mna viumbe vya duara vyenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia ndani ya ngozi. Baki kwenye mchanga, na ukiona mbwa anachechemea usiuchimbue mwiba kwa sindano chafu. Osha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Hatari kubwa ya Mayungu, na ya kila ufuo wa wavuvi, ni samaki aitwaye bunju. Wavuvi humtupa mchangani kwa kuwa wanajua sumu yake. Mbwa hajui. Sumu hiyo haipotei kwa kukauka juani wala kwa kupikwa, na haina dawa ya kuiondoa. Daktari humsaidia mbwa kupumua mpaka mwili uimalize. Dalili ni kutokwa na udenda, kutapika, kisha miguu ya nyuma kulegea. Usingoje zifike zote tatu. Kamba ikae mkononi wakati wote nyavu zinapovutwa, na mfundishe neno "Acha!" nyumbani kwa kipande cha nyama kabla ya kumleta pwani.

Kamba iwe ya nailoni, mita 2 hivi. Ile ndefu inayojivuta yenyewe kwa springi haifai hapa: mchanga huingia ndani ikakwama, na uzi wake hunasa kwenye kamba za nanga. Ngozi hukakamaa kwa chumvi. Kulabu ya chuma cha kawaida hushika kutu upesi, nunua ya shaba ya njano.

Maji ya kunywa: mbwa wa kilo 20 mbebee lita 1 kwa matembezi ya saa moja, umpe kidogo kila baada ya dakika 15. Asiyepewa hunywa ya bahari, na matokeo yake ni kutapika na kuharisha ndani ya gari. Kinyesi usikifukie, maji yatakifukua. Mayai ya minyoo ya mbwa hubaki mchangani na viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi ya watoto wanaocheza peku. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi beba gazeti kuukuu na mfuko wa kaki, na mpe mbwa dawa ya minyoo kila miezi 3.

Ukikuta alama pana kama za tairi la trekta zikitoka majini kupanda juu ya mchanga, hapo amepanda kasa usiku. Mayai hukaa kama miezi miwili, na mbwa huyanusa. Pita upande wa maji, usimfungue mpaka alama zimepotea nyuma yako.

Kurudi mjini kwa tuktuk, mwambie dereva kuhusu mbwa kabla hajazima injini, si baada ya mbwa kupanda. Tandaza gunia au shuka lako mwenyewe sakafuni, mbwa alale chini, kichwa upande wako. Akikataa, mshukuru, ngoja mwingine. Nyumbani mwagia mbwa dumu la lita 10 la maji yasiyo na chumvi, anza tumboni na katikati ya vidole, kausha masikio kwa kitambaa, kisha tafuta kupe na mbigiri kabla hajalala.