Uzoefu wangu na lenzi ya AcrySof IQ Toric: digrii kumi hula theluthi ya kazi

Lenzi ya kawaida inayopandikizwa ndani ya jicho humtoa mgonjwa ukungu wa mtoto wa jicho, lakini kama konea (kioo cha mbele ya jicho) imepinda zaidi upande mmoja, herufi bado zitakuwa na kivuli. Hii ya kampuni ya Alcon, iliyotokana na AcrySof Toric iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, hushughulikia yote mawili kwa upasuaji mmoja. Lenzi yenyewe naipa alama za juu. Kinachoiangusha ni mikono na vipimo vyetu.

Usidanganywe na namba ya boksi. Modeli ya T3 imeandikwa dioptria (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1.50, ila kwenye konea inasahihisha kama 1.03, T4 ya 2.25 inatoa 1.55. Jicho likiwa kavu, kila kipimo kitaleta jibu lake, kwa hiyo tibu ukavu kwanza. Kwenye hesabu napendelea kikokotoo cha Barrett, maana kinazingatia hata mgongo wa konea, yaani uso wake wa ndani. Ukiusahau, konea iliyopinda zaidi wima itasahihishwa kupita kiasi, na iliyopinda zaidi mlalo itapunjwa.

Alama za wino za kuongoza mhimili, yaani mwelekeo ambao lenzi inapaswa kulala, ziwekwe mgonjwa akiwa ameketi na kutazama mbele. Akishalala, jicho huzunguka kidogo ndani ya tundu lake, na hapo umeshakosea kabla hujashika kisu. Wino uwe mwembamba. Mstari mnene una digrii zake.

Ndani ya jicho, iache lenzi digrii 10 hadi 20 kabla ya mhimili, nyonya jeli yote iliyojazwa jichoni wakati wa upasuaji, hasa iliyojificha nyuma ya lenzi, ndipo uisogeze mahali pake kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Ukipitiliza, usiilazimishe kurudi: endelea kuizungusha karibu nusu duara. Jeli ikibaki nyuma, au kidonda kikivuja, lenzi inaweza kuteleza ndani ya saa chache. Kila digrii moja nje ya mhimili hupoteza takriban asilimia 3.3 ya usahihisho. Zikifika 30 hakuna kilichobaki, na zikizidi hapo unaongeza tatizo. Kuirudisha ni rahisi wiki za mwanzo, kabla mfuko wa lenzi (utando wa jicho unaoishikilia) haujaikamata.

Kwa konea yenye kovu au iliyochongoka siipendekezi, kwa kuwa mpindo wake hauna mhimili mmoja wa kufuata. Na mgonjwa aambiwe kabla ya kulipa: hii ni lenzi ya kuona mbali, miwani ya kusomea atainunua tu.