Tahadhari: "klachi mpya" niliyofungiwa ilikuwa ya zamani iliyopakwa rangi

Ndugu zangu wenye magari ya manyuo (ya kubadili gia kwa mkono), nimepigwa. Nawaandikia kwa sababu njia iliyotumika ni rahisi mno, na wengi wenu hamtaigundua mpaka hela iwe imeshakwenda.

Gari langu lilianza na dalili zile tunazozijua za klachi iliyochoka (klachi ndiyo inayounganisha na kutenganisha injini na giaboksi). Kwenye mlima, gia namba nne, nakanyaga mafuta, resi inapanda na injini inapiga kelele, lakini gari haliongezi mwendo. Baadaye ikaja harufu ya kuungua. Fundi niliyempelekea akasema spea atanunua yeye, seti nzima: klachi pleti (sahani inayosuguana), presha pleti (inayoikandamiza) na rilizi beringi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali). Nikampa hela ya vifaa na ya ufundi. Siku ya pili jioni nikakabidhiwa gari, na boksi jipya la klachi, tupu, limewekwa kiti cha nyuma. Nililiona boksi nikaridhika. Vyuma vya zamani sikuviulizia.

Wiki ya tatu harufu ikarudi. Juu ya hapo, nikikanyaga klachi nasikia mkwaruzo chini, nikiachia unanyamaza. Hiyo ni rilizi beringi inalia, na beringi mpya hailii baada ya wiki tatu. Fundi akasema itazoea. Nilipopiga tena akasema naendesha nimeegesha mguu kwenye pedali. Baada ya hapo hakupokea simu.

Shemeji yangu amewahi kufanya kazi gereji, tukaamua kushusha giaboksi nyumbani. Presha pleti ilitoka nyeusi, inang'aa. Nikaikwaruza kwa ukucha, rangi ikabanduka, chini yake kutu. Vile vidole vya springi vya katikati, mahali beringi inapogusa, vilikuwa vimelika na kuacha mduara mweupe ambao wiki tatu haziwezi kuuchimba. Klachi pleti ilikuwa ya zamani iliyobandikwa lainingi nyingine (ule utando wa kusuguana). Niliishika mkononi nikaitikisa, springi zake zikacheza kwenye matundu na kulia kachakacha. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hufungwa juu yake, haikuguswa kabisa: ina madoa ya bluu ya joto na nyufa nyembamba kama nywele. Hata ungefunga klachi mpya ya kweli juu ya flaiwili ile, ingeanza kutetemeka kila unapoondoka.

Utapeli huu unafanikiwa kwa sababu klachi ikishafungwa haionekani. Breki utachungulia kwenye ringi, lakini klachi imefunikwa na giaboksi na haitaonekana tena mpaka ishushwe. Na ukilijaribu gari siku ya kwanza linavuta vizuri tu, kwa hiyo kuzunguka nalo kidogo hakuthibitishi chochote.

Upo pia wizi wa kuambiwa klachi imekufa wakati ni nzima. Pedali ikizama mpaka chini au gia zikigoma kuingia, kwanza tazama kikopo cha mafuta ya klachi (magari mengi hutumia kikopo kimoja na breki). Huenda masta au slevu (pampu ndogo zinazosukuma mafuta ya klachi) inavuja, au kuna hewa kwenye mfumo, na mara nyingi kazi hiyo haihitaji kushusha giaboksi. Ukitaka kujua kama klachi inateleza, simama sehemu tambarare isiyo na mtu mbele, vuta handibreki, kanyaga breki barabara, weka gia namba tatu au nne, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu, usiiunguze bure.

Je, bora kufanya mwenyewe? Baada ya yaliyonikuta ningependa kusema ndiyo, ila sitamshauri kila mtu. Tulitumia siku mbili nzima. Giaboksi ni mzigo wa watu wawili, na kwa gari linalovuta kwa mbele lazima utoe ekseli na kuitegemeza injini isidondoke. Kama huna stendi imara, acha. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, watu wamekufa hivyo. Vumbi la ndani usilipulize kwa upepo, lifute kwa kitambaa chenye maji: lainingi za zamani ziliwekwa asbesto, na asbesto inaleta saratani ya mapafu. Wakati wa kurudisha, klachi pleti lazima isentishwe (iwekwe katikati kabisa) kwa kifaa chake, la sivyo shafti ya giaboksi haitaingia. Na giaboksi isiachwe ining'inie kwenye shafti hiyo hata dakika moja, maana inapinda pleti uliyotoka kununua.

Kwa wengi, fundi mwaminifu bado ni njia bora. Ila spea nunua mwenyewe, fungua boksi dukani na uzishike. Kwenye klachi pleti mpya vichwa vya ribiti vimezama chini ya uso wa lainingi, meno ya katikati yana kingo kali, na beringi inazunguka bila mkwaruzo. Piga picha, kisha weka alama ya rangi pembeni ya presha pleti, mbali na sehemu inayosuguana. Kubalianeni kabla ya kazi kwamba vyuma vya zamani ni vyako na utaondoka navyo. Halafu uwepo saa ile giaboksi iko chini, umulike tochi uone alama yako imefungwa kwenye flaiwili. Fundi wa kweli hakatai hilo. Wa kwangu aliniambia nisije mpaka anipigie, na mimi nikatii.

Kama gari lako liko gereji sasa hivi kwa kazi hii na giaboksi haijarudi juu, nenda leo.