Mafungo ya vijana wenye wito na wazazi wao, ufukweni upande wa Kigongo: maoni ya mama

Mwezi uliopita nilihudhuria, pamoja na binti yangu wa kwanza, mafungo, yaani siku mbili za sala na tafakari, kwa vijana wanaofikiria utawa na wazazi wao, katika nyumba ya kiroho iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kigongo, Mwanza. Binti yangu ni muuguzi. Tangu baba yake afariki, mshahara wake ndio unaowalipia wadogo zake wawili ada, na kwa sababu hiyo wito wake, ambao ninauheshimu, ulikuwa umegeuka nyumbani kwetu kuwa jambo lisilozungumzwa mezani.

Kuhusu malazi sina mengi ya kusema: vyumba ni visafi, vyandarua vipo, ugali na sato vilitosha, na mchango wa shilingi 80,000 kwa kila mtu ni wa haki.

Mada ya jioni ya kwanza ilinihuzunisha. Mtoa mada alisoma Luka 14:26, panapotajwa kumchukia baba na mama, akaliacha neno hilo lituangukie wazazi bila kutueleza kwamba maana yake pale ni kumpenda Kristo zaidi, kama Mathayo 10:37 inavyoonyesha waziwazi. Mama mjane kutoka Ukerewe, aliyeketi kando yangu, alilia mpaka sala ya usiku. Mzazi wa namna hiyo hapaswi kuambiwa kwamba machozi yake yanamzuilia Mungu njia.

Asubuhi iliyofuata, sista mlezi alilipa deni la jioni ile. Alianza na Marko 7, ambapo Yesu anawakemea wanaotangaza mali yao kuwa korbani, yaani sadaka iliyowekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao, kisha akatueleza kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikataza kumpokea katika unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, mtoto ambaye wazazi wake, au babu na bibi yake, walikuwa katika shida kubwa na wakimtegemea. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, haina tena katazo hilo kwa maneno yale, lakini hairuhusu kumpokea mwenye madeni asiyeweza kuyalipa. Akataja pia muda: unovisi hauanzi kabla ya miaka 17 wala haupungui miezi 12, nadhiri za muda hudumu angalau miaka 3, na za daima haziwekwi kabla ya umri wa miaka 21. Niliposikia miaka hiyo ikihesabiwa nilipumua, kwa maana nilikuwa nimedhani kwamba nikisema ndiyo leo, kesho nitakuwa nimempoteza.

Alasiri kila mzazi alipewa saa nzima na mwanawe kwenye mawe ya ufukweni, bila msimamizi, na saa hiyo peke yake ilistahili gharama yote. Binti yangu aliniambia kwamba hataomba kupokelewa kabla mdogo wake hajamaliza kidato cha nne. Nami nikakiri kwamba ada haikuwa hofu yangu kubwa. Ninaogopa jioni za nyumba isiyo na sauti yake. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema, nami sikuwa na jibu.

Ninawashauri waandaaji waanze na sista huyo na wawape wazazi kikao chao wenyewe, kwa sababu mbele ya watoto wetu wengi wetu tulinyamaza. Ninawashauri wazazi wenzangu waende, hata wale wenye hasira, na wasiwaache nyumbani watoto wao wakubwa waliobaki. Safari ijayo nitakwenda na mwanangu wa pili, anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, kwa kuwa dada yake akiondoka mzigo wa wadogo utakuwa wake, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza.