Lenzi ya milimita 50 kwa anayeanza kupiga picha za watu: uzoefu wangu wa miaka miwili

Nilipoanza kupiga picha za watu kwa malipo, nilikuwa na kamera ya Canon EOS 600D niliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 (namba hiyo ikikua, lenzi huvuta mtu karibu zaidi). Lenzi hiyo si mbaya kama wengi wanavyoisema. Mchana, nje, mtu akiwa amesimama kivulini, inatoa picha safi kabisa. Udhaifu wake niliuona ndani ya nyumba: ukiivuta hadi milimita 55, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na sebule nyingi ninazopigia hapa Dar es Salaam zina dirisha moja lenye wavu wa mbu na pazia zito. Nililazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, ngozi za watu zikaja na chengachenga, na nilipochoka na chengachenga niliwasha flashi ya kamera, ambayo humfanya hata bibi harusi aonekane kama amekwenda kupigwa picha ya kitambulisho.

Tamaa yangu ilikuwa lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8, ambayo Canon waliitoa mwaka 1992 na ambayo bado inasifiwa na wapiga picha wa harusi. Nilikuwa nimeanza kuiwekea akiba. Aliyenisimamisha ni kaka mmoja mwenye studio Kariakoo, ambaye nilikuwa nikimbebea taa siku za sherehe. Nilipomweleza mpango wangu hakuzungumzia bei wala ubora wa vioo; aliniuliza tu, "Mdogo wangu, hicho chumba unachopigia kina hatua ngapi?"

Nilikwenda kupima. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita tatu na nusu, na hapo kochi halijahesabiwa. Kihisi cha kamera kama yangu, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, kwa hiyo lenzi huonekana ndefu zaidi kwa mara 1.6: ya 50 hukupa upana wa picha ambao mwenye kamera ya kihisi kikubwa angeupata kwa milimita 80, na ya 85 inakuwa kama 136. Kwa hesabu ya kawaida, ili nimpate mtu kuanzia kichwani hadi kiunoni kamera ikiwa wima, lenzi ya 50 inanitaka nisimame kama mita mbili kutoka kwake, ilhali ya 85 inanitaka nirudi nyuma mita tatu na zaidi. Nikitaka mtu mzima, kichwa hadi miguu, ya 50 inahitaji takriban mita nne na nusu na ya 85 zaidi ya saba. Kwa maneno mengine, lenzi niliyokuwa naiwekea akiba ingenipeleka kupigia picha kibarazani kwa jirani.

Hata hivyo sikununua ya 50 siku hiyo. Niliivuta lenzi yangu ya zamani hadi milimita 50, nikaizungushia selotepu ili isisogee, nikapiga nayo wiki nzima. Tundu lilikuwa dogo bado, lakini nilichotaka kukijua ni umbali, na umbali ulinifaa. Nilikuwa naweza kuzungumza na mtu kwa sauti ya kawaida, na nyuso zilikuwa na maumbo yake, kwa sababu kinachovimbisha pua ni kumsogelea mtu mno, jambo nililokuwa nikilifanya kila nilipotumia milimita 18 ili uso ujae kwenye fremu. Jaribio hili halina gharama, na namshauri kila anayeanza alifanye kabla ya kutoa fedha.

Niliyoinunua ni Canon EF 50mm f/1.8 STM iliyotumika, kwa shilingi 280,000. Hapa tahadhari inahitajika. Duka la kwanza nililoingia lilinipa toleo la nyuma yake, lile la mwaka 1990, kwa bei ileile, na muuzaji akasisitiza kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Toleo la STM, lililotoka mwaka 2015, limeandikwa herufi hizo mbele ya lenzi. Sehemu inayoshikana na kamera ni ya chuma badala ya plastiki, tundu lake lina vibapa saba vya kulifungua na kulifunga badala ya vitano, na linakubali kumsogelea mtu hadi sentimita 35 badala ya 45. La zamani linapiga picha nzuri pia, lakini bei yake iwe ya uzee wake. Kitu cha pili cha kukagua ni kuvu. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, lenzi iliyolala kabatini miaka miwili inaweza kuota utando kama wa buibui ndani ya kioo. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma huku ukichungulia mbele; ukiona utando, rudisha. Yangu naihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Tofauti ya mwanga ilinishangaza kuliko nilivyotarajia. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia huongezeka karibu mara kumi, na katika sebule ileile ISO ilishuka kutoka 3200 hadi karibu 400. Chengachenga zikatoweka, flashi nikaiacha ilale.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa nimelipia f/1.8, basi nipige kwa f/1.8 wakati wote. Katika ubatizo wa mtoto wa dada yangu niliwapiga mama na mtoto wakiwa wameegemeana, nikafurahia kwenye kioo kidogo cha kamera, na nilipofungua kompyuta jioni nikakuta kope za mtoto zinahesabika ilhali uso wa mama umeyeyuka. Mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwako, kwa f/1.8 kina cha sehemu inayoonekana kali ni kama sentimita sita tu. Akigeuza uso kidogo, jicho moja linabaki nje. Siku hizi mtu mmoja nampiga kwa f/2.8, wawili au watatu kwa f/4, na f/1.8 naitunza kwa giza la kweli. Kwa f/2.8 pia picha inakuwa kali zaidi, na ule ukingo wa zambarau unaojitokeza kwenye shela nyeupe dhidi ya mwanga hupungua sana.

Kasoro nyingine zipo. Mwanga ukififia, fokasi huenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta pa kushika, hasa nikitumia nukta za fokasi za pembeni, kwa hiyo natumia nukta ya katikati, naielekeza kwenye jicho lililo karibu, kisha napanga fremu. Lenzi haina kituliza mtikisiko, hivyo sishuki chini ya kasi ya 1/125 ya sekunde. Kofia ya lenzi ya kukinga jua inauzwa peke yake, nami hadi leo natumia kiganja.

Wenye Nikon wana lenzi zao za milimita 50 zenye f/1.8, lakini wawe macho na ile ya zamani yenye herufi D: kwenye kamera ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 haijifokasi yenyewe, kwa kuwa kamera hizo hazina mota ndani, na wauzaji wengi hawalitaji jambo hilo.

Ile ya 85 niliazimwa mwaka jana na kaka yuleyule, kwa picha za maharusi Coco Beach. Picha zilikuwa za kupendeza, sikatai. Ila nilisimama karibu mita nane kutoka kwao, upepo ukiwa wa bahari, nikamwambia bwana harusi asogee kulia mara nne bila kunisikia, mpaka mpita njia mmoja akanisaidia kufikisha ujumbe. Jioni nilimrudishia kaka lenzi yake.