Unga wa spirulina kwa farasi: usiununue kwa ajili ya protini

Lebo hutangaza kwa herufi kubwa kwamba spirulina kavu (mwani wa kijani-buluu uliokaushwa) ina protini asilimia 60 hivi. Ni kweli, ila kipimo cha kawaida kwa farasi wa kilo 500 ni gramu 20 hadi 30 kwa siku. Gramu 30 humpa protini gramu 18, ilhali hata asiyefanya kazi huhitaji takriban gramu 630. Mwenye upungufu wa protini aongezewe alfalfa au mashudu ya soya. Unacholipia hapa ni karotini na fikosianini, ile rangi ya buluu ambayo majaribio ya maabara yameonyesha hupunguza uvimbe. Kwa farasi wenyewe ushahidi bado ni haba, kwa hiyo mfuko unaoahidi kuponya pumu au miwasho ya ngozi uache dukani.

Klorela, mwani mwingine wa kijani unaouzwa kama unga, ina ukuta mgumu wa seli. Kama haijavunjwavunjwa kiwandani, sehemu kubwa hutoka na kinyesi. Spirulina haina shida hiyo, na ndiyo tunayoipendelea.

Jambo la kukagua kuliko yote ni cheti cha maabara cha bechi hiyohiyo, kinachotaja metali nzito na mikrosistini. Mikrosistini ni sumu inayoharibu ini, hutolewa na mwani mwingine unaoota pamoja na ule unaovunwa, hasa katika maziwa ya wazi. Jimbo la Oregon, Marekani, liliweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa gramu mwaka 1997. Bila cheti, hata bei ya chini haifai. Na utando wa kijani wa bwawani usimpe farasi kamwe!

Kulisha kunataka subira, maana harufu yake ya samaki huwafanya wengi wasuse. Anza na kijiko kimoja cha chai, kama gramu 3, ongeza kidogokidogo kwa siku kumi. Changanya na pumba zilizoloweshwa kwa maji baridi: ukiwa mkavu, unga huingia puani na kumkohoza; maji ya moto nayo huharibu fikosianini. Molasi huficha harufu, lakini farasi mwenye historia ya ugonjwa wa kwato wa laminitisi asipewe. Mchanganyiko uliobaki umwage siku hiyohiyo, kwani huchacha upesi. Mfuko ufungwe vizuri, ukae gizani. Unga uliopauka au kugeuka kahawia umeshapoteza ubora wake.